Muziki na Habari katika Redio za Jinja na Mbale: Uhakiki wa Mgawanyo wa Muda, Sauti na Lugha

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna redio zinazotangaza kutoka Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, zinavyoigawa siku kati ya muziki na habari. Hoja yake ni kwamba mgawanyo huo umetokana na desturi ya studio, si na desturi ya wasikilizaji, ambao kwao salamu, tangazo la msiba na ngoma ya jando ni habari sawa na taarifa ya saa. Makala yanachunguza pia nafasi ya Kiswahili, lugha inayosikika zaidi katika nyimbo kuliko katika taarifa, na yanapendekeza aina ya Kiswahili cha habari kinachoufaa ukanda huu.

Utangulizi

Mwaka 1954 ulileta mambo mawili ambayo historia ya mashariki mwa Uganda huyataja mbalimbali, ingawa yalistahili kutajwa pamoja. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na Shirika la Utangazaji la Uganda likaanza kurusha matangazo. Umeme na sauti vilikuja kwa mkono mmoja, mkono wa serikali ya kikoloni, na kwa takribani miaka 40 sauti ya redio ilibaki mikononi mwa serikali, iwe ya mkoloni au ya mwananchi. Wasikilizaji wa mashariki walihudumiwa katika lugha zao na idhaa ya Butebo ya Redio Uganda, lakini saa, mpangilio na uzito wa mambo viliamuliwa Kampala.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1993, serikali iliporuhusu vituo vya watu binafsi, na Sheria ya Vyombo vya Habari vya Kielektroniki ya 1996 ikauwekea utaratibu. Leo msikilizaji wa Jinja anaweza kuchagua kati ya Baaba FM, Kiira FM, Busoga One na NBS, ambayo wengi huiita Kodheyo kwa neno la maamkuzi ya Kisoga. Wa Mbale ana Open Gate na Step FM, pamoja na vituo vya Kampala vinavyofika huko kwa mitambo ya kupokelea. Kisheria vingi kati ya vituo vya ukanda huu ni vya biashara. Hata hivyo, ukivipima kwa kazi vinayofanya, yaani kutangaza misiba, kumtafuta mtoto aliyepotea, kuita mkutano wa wakulima, vinatenda kazi ambayo Tanzania tungeiita ya redio jamii, kama ile ya Orkonerei kule Simanjiro au ya Micheweni kule Pemba. Ndiyo maana makala haya yanalitumia jina hilo kwa upana, yakizingatia kazi na si leseni. Pale panapolaumiwa jambo, kituo hakitatajwa. Nia ni kuhakiki utanzu, si kuwashitaki watangazaji, ambao wengi wao hulipwa kwa kila habari wanayoileta na hulipwa kidogo.

Siku ya redio kama matini

Wahakiki wetu wa Kiswahili wamezoea kuchambua wimbo mmoja, tamthilia moja, riwaya moja. Redio haijapata bahati hiyo, kwa kuwa matini yake haina kurasa. Ni siku nzima inayopita. Lakini siku hiyo ina mtunzi, naye ni meneja wa vipindi. Tena ina muundo unaojirudia: alfajiri sala na nyimbo za dini, asubuhi usomaji wa magazeti, taarifa ya habari kila saa, mchana salamu, alasiri michezo na muziki wa vijana, jioni mjadala ambao mara nyingi hulipiwa na mwanasiasa, usiku nyimbo za mapenzi. Kati ya sehemu hizi zote, taarifa ya habari hutengwa kwa kibwagizo chake na kwa sauti ya msomaji inayobadilika ghafla kuwa nzito, kana kwamba yule aliyekuwa akicheka dakika moja iliyopita ameondoka chumbani.

Utengano huu una asili yake. Ni urithi wa utangazaji wa Kiingereza, ambao ulitaka habari isichafuliwe na burudani. Sina ugomvi na lengo lenyewe. Ukweli wa habari unahitaji kulindwa. Ninachohoji ni dhana kwamba kila kilichomo ndani ya dakika kumi za taarifa ni habari, na kila kilicho nje yake ni cha kupitishia muda.

Chukua salamu. Wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Ugua Pole, ambamo wagonjwa waliolazwa hospitalini walitumiwa pole na wimbo. Kipindi hicho kilihesabiwa kuwa cha muziki. Kumbe aliyekisikiliza kwa makini alijua nani amelazwa, wapi, na jamaa gani wako mbali wakihangaika. Salamu za Jinja na Mbale zinafanya kazi hiyohiyo. Anayetuma salamu kutoka Bugembe kwenda kwa shemeji aliyeko Eldoret anatangaza kwamba yeye mwenyewe yupo Bugembe, kwamba uhusiano haujakatika, na pengine kwamba ile kesi ya shamba imekwisha, maana asingemsalimu. Wimbo unaofuata ni muhuri wa barua hiyo. Mtangazaji anayeisoma orodha ya majina mbiombio ili aufikie wimbo ameichana barua akabaki na muhuri.

Tangazo la msiba

Katika siku nzima ya redio ya mashariki mwa Uganda hakuna sehemu inayosikilizwa kwa utulivu kama matangazo ya vifo. Hata dukani watu hunyamaza. Kifani, tangazo hilo ni utanzu uliokomaa: jina la marehemu na majina ya heshima, kazi yake, ukoo, kijiji, parokia, gombolola, siku na saa ya mazishi, kisha orodha ya wanaoarifiwa, kuanzia watoto mpaka wakwe, walio Kampala, walio Nairobi, walio ng'ambo. Orodha hii ya mwisho ndiyo kiini. Tangazo halitoi tu taarifa kwamba fulani amekufa; linawaita watu kwa majina mbele ya hadhara, na aliyeitwa hawezi kudai kuwa hakusikia. Hapa redio imerithi kazi ya ngoma na ya mjumbe, na imeirithi vizuri.

Lakini tangazo ni biashara inayolipiwa, na linawekwa katika ratiba kama matangazo mengine ya biashara. Kwa hiyo nimesikia, tena si mara moja, kituo kimoja cha Jinja kikitoka katika jina la mwisho la wafiwa na kuingia moja kwa moja katika tangazo la sabuni, au katika wimbo wa kuchezwa wenye mdundo mkubwa. Mtu anaweza kusema hilo ni kosa dogo la fundi mitambo. Mimi naliona kuwa ni kosa la uhariri. Kituo kinachojua kubadili sauti kwa ajili ya hotuba ya waziri kinajua pia jinsi ya kunyamaza sekunde tano kwa ajili ya mfiwa. Kutofanya hivyo ni kuamua, pasipo kusema, ni nani mwenye habari na ni nani mwenye risiti tu.

Muziki ambao spika ndogo haiusemi

Tuje kwenye muziki wenyewe. Malalamiko ya kawaida ni kwamba redio zetu hupiga nyimbo za nje na kuusahau muziki wa asili. Malalamiko hayo ni ya kweli kiasi, lakini ni mepesi mno, kwa sababu hayaulizi ni kitu gani hasa kinapotea muziki wa asili unapopigwa redioni.

Embaire ya Wasoga ni marimba makubwa ambayo magogo yake hulazwa juu ya migomba, na yale makubwa kabisa huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili lizidishe mngurumo. Huchezwa na watu sita au zaidi wakikaa pande mbili, kila mmoja na sehemu yake, na wimbo mmoja unaweza kuendelea kwa muda mrefu sana. Sasa ufikirie wimbo huo ukiingia studio. Kwanza unakatwa uwe wa dakika tatu au nne. Halafu unarushwa kwenye kiredio cha betri au kwenye simu ya mkononi, ambavyo spika zake ndogo haziwezi kutoa sauti za chini. Mngurumo wa shimo, yaani ule uti wa mgongo wa ngoma nzima, hautoki. Msikilizaji kijana anayesema embaire inamchosha hajaisikia embaire. Amesikia meno yake bila mdomo. Vikundi kama kile cha Nakibembe vimealikwa hadi majukwaa ya Ulaya, na tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015, limewavuta wageni wengi hadi kingo za Nile. Wageni hao huisikia embaire wakiwa wamesimama juu ya ardhi inayotetemeka. Mwenyeji wa Iganga huisikia kwenye simu, na ndiye anayelaumiwa kwa kutoipenda.

Habari ya bigwala ni nzito zaidi. Hizi ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, ambazo kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo hupatikana kwa wapulizaji kupokezana, na akikosekana mmoja wimbo hutoboka. Zilikuwa za ikulu, kwa kutawazwa na kwa mazishi ya wafalme. Ufalme wa Busoga ulipofutwa katika miaka ya 1960, ngoma hiyo ilikosa pa kuchezwa, na ingawa Henry Wako Muloki alitawazwa Kyabazinga mwaka 1995, mafundi walikuwa wamekwisha kupukutika. UNESCO ilipoiingiza bigwala mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, ilielezwa kwamba wamebaki wazee wanne tu wenye ujuzi kamili. Kazi ya kuifufua, ambayo James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo ameishughulikia kwa miaka, imefanyika kwa kupanda vibuyu upya na kuwafundisha vijana vijijini. Redio ina nafasi gani katika kazi hiyo? Kupiga rekodi Jumapili moja kwa mwezi katika kipindi cha "utamaduni" hakutoshi. Redio inaweza kufanya kile isichoweza rekodi: kuueleza mpokezano huo, kumpa kila mpulizaji sauti yake peke yake kisha kuziunganisha, msikilizaji akasikia wimbo unavyozaliwa. Kipindi cha namna hiyo ni cha muziki au cha habari? Wazee walipokuwa wanne, kila mmoja alikuwa habari.

Nisije nikaonekana mpenda makumbusho. Nyimbo za sasa nazo zimefanya kazi kubwa. Rachel Magoola, kabla ya kuingia bungeni kuiwakilisha Bugweri, aliimba Obangaina akiwa na Afrigo, na wimbo huo ulikitoa Kisoga katika nafasi ya lugha ya nyumbani ukakipandisha kwenye majukwaa ya Kampala, ambako Kiganda kilikuwa kimetawala. Hakuna somo la shuleni lililofanya hivyo kwa muda mfupi kiasi hicho.

Mbale ina jambo lake. Katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaba hufanya imbalu, na ufunguzi wake hufanyika Mutoto, karibu na mji. Kadodi, ngoma zinazowasindikiza vijana wakienda kutahiriwa, hujaza barabara. Redio huzipiga kadodi msimu huo, tena kwa wingi. Lakini ngoma hizohizo zimekuwa pia za mikutano ya kampeni, hata msikilizaji aliye mbali hawezi kujua kama anaitwa jandoni au anaitwa kupiga kura. Taarifa ya habari, kwa upande wake, huitaja imbalu panapokuwa na msongamano wa magari, ugomvi au mgeni rasmi. Maana ya tukio imeachiwa ngoma, na ngoma haielezwi.

Kiswahili: wimbo bila taarifa

Hapa ndipo wanakongamano wa Kiswahili tunapohusika moja kwa moja. Jinja na Mbale ni miji iliyokijua Kiswahili zamani. Mbale ilianza kuwa mji wakati ambapo wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa tayari wakipita huko. Jinja ilikuwa kambi ya kikosi cha nne cha King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Baadaye viwanda na reli viliwakusanya watu kutoka Kenya, Teso, Bukedi na kwingineko katika mitaa kama Walukuba, na lugha ya kambi ikawa pia lugha ya mabomba ya maji ya mtaa. Kumbukumbu ya pili imesahaulika. Ya kwanza imebaki. Idi Amin, aliyekuwa askari wa jeshi hilohilo, alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikifunga zaidi na bunduki. Hadi leo, katika maigizo mengi ya Uganda, anayezungumza Kiswahili ni askari.

Kisheria hali imebadilika sana. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Redioni, hata hivyo, lugha hii haijawa lugha ya kawaida ya taarifa za vituo hivi. Inaingia kwa mlango wa muziki: Bongo Fleva, nyimbo za Injili za Kenya na Tanzania, vibwagizo vya matangazo ya simu. Kijana wa Namatala anaweza kuimba wimbo mzima wa Diamond Platnumz na asipate hata sentensi moja ya Kiswahili inayomweleza mtaa wake.

Wapo watakaosema hakuna haja, kwa kuwa kila mtu ana redio ya lugha yake. Hoja hiyo ina nguvu vijijini. Mjini inadhoofika. Katika Mbale moja wanaishi wasemaji wa Kimasaba, Kigwere, Ateso, Kinyole, Kikupsabiny na Kiganda, na taarifa inayosomwa kwa lugha moja huwafikia wengine kama kelele za jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na zaidi ya watu 20 wakafa katika Mbale na viunga vyake. Ukanda huu ulikuwa umekwisha kuonywa: maporomoko ya Nametsi, Bududa, yaliwafukia mamia tarehe 1 Machi 2010. Sidai kwamba redio ingezuia mvua, wala kwamba Kiswahili pekee kingewaokoa waliokufa. Nadai kwamba tahadhari ya mji wenye lugha sita inahitaji lugha ya saba inayopita katikati, na lugha hiyo tayari ipo midomoni mwa watu wa sokoni na wa bodaboda, chombo ambacho, kwa njia, kilizaliwa mpakani Busia, hukuhuku mashariki.

Ni Kiswahili gani, basi? Swali hili limegawa vikao vyetu kwa miaka. Wapo wanaotaka taarifa isomwe kwa istilahi za Dodoma. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Msomaji akisema "kata" au "tarafa", msikilizaji wa Sironko atafikiri habari ni ya Tanzania. Neno lake ni gombolola. Limo katika Kiswahili cha Uganda tangu enzi za ukoloni, linafuata kanuni zote za sauti zetu, na kulikataa ni kulikataa eneo lenyewe. Vivyo hivyo imbalu isiitwe "jando" bila maelezo. Jando la pwani lilikuwa la faragha na la kuwekwa kando, ilhali imbalu hufanywa kijana akiwa amesimama mbele ya umma bila kupepesa. Ni bora neno la Kimasaba liingie katika taarifa likiwa na fungu moja la kulieleza, kama lilivyoingia neno "taarabu" kutoka Kiarabu pasipo mtu kuomba radhi. Matooke yabaki matooke.

Tatizo kubwa kuliko msamiati ni sentensi. Pale Kiswahili kinaposomwa, mara nyingi kimetafsiriwa haraka kutoka taarifa ya Kiingereza, na mzigo wote wa vyeo na nukuu hutangulia kitenzi. Nimetunga mfano, ili nisimtaje mtu: "Mamlaka husika kupitia kwa msemaji wake zimetoa wito kwa wananchi wanaoishi katika maeneo yaliyo hatarini kuchukua hatua stahiki kufuatia ongezeko la kina cha maji." Kila neno hapo ni Kiswahili sanifu, na hakuna anayejua ainuke aende wapi. Sasa tumwachie mtangazaji wa salamu, yule anayejua kuita watu kwa majina, aiandike habari hiyohiyo: "Mto Nabuyonga umefurika. Walio Namatala, msivuke daraja. Waamsheni watoto, pandeni juu mlimani sasa hivi. Mwenyekiti wa kijiji, gonga mlango wa jirani yako." Nimezipima zote mbili kwa saa. Ya pili inasomeka katika muda mfupi kuliko kibwagizo cha kufungulia taarifa, na inaweza kurudiwa kati ya kila nyimbo mbili mpaka kupambazuke.